Kombe Nililolitaja Kliniki

Watu wakinisikia nikizungumzia ule utafiti wa pumu kwa hasira, hudhani kidonge kilinidhuru. Hakikunidhuru. Kilichoniudhi ni kicheko.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mlingotini. Kushona nimejifunza mwenyewe, kwa kufumua nguo kuukuu na kuzirudishia. Ugonjwa wangu nao nimejifunza hivyo hivyo, kwa kusoma kila ninachokipata kwenye simu. Mshono ukipinda kidogo, mahali ambapo mteja hatapaona hata akitafuta, nitaufumua. Ni tabia inayonichosha mimi na wanaokaa na mimi. Vumbi la vitambaa hunibana kifua, kubanwa hunitia hofu, na hofu hunibana zaidi. Kwa hiyo niliposikia Bagamoyo mjini wanatafuta wagonjwa wa pumu wa kujaribu kidonge kipya, nilikwenda, na nikajiapiza kuwa mshiriki asiye na kosa hata moja.

Walitueleza vizuri, siwezi kuwasingizia. Tungegawanywa kama kwa kura. Wengine wangepewa kidonge chenye dawa, wengine kidonge cha sura ile ile kisicho na dawa ndani, na si sisi wala daktari ambaye angejua nani kapata kipi mpaka mwisho. Dawa zetu za kuvuta tungeendelea nazo. Anayetaka kujitoa angejitoa siku yoyote, bila kugombezwa wala kunyimwa matibabu. Na chochote tutakachotumia pembeni, hata cha kienyeji, tuseme, maana kikifichwa hawatajua kilichotusaidia wala kilichotudhuru. Hilo la mwisho lilinikaa kichwani kama pini.

Nilipoanza vidonge, mama yeye aliingiwa na wasiwasi. Akaenda kwa mwalimu wa madrasa, nikaandikiwa kombe: aya za Kurani kwa zafarani na marashi juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, na maji yale nikapewa ninywe. Kwetu mtoto anayeanza shule hunyweshwa, mjamzito hunyweshwa, anayesafiri hunyweshwa.

"Mama, wamesema tusitumie dawa nyingine bila kuwaambia."

"Hii si dawa, ni dua. Kunywa, mwanangu."

Nikanywa, na raha ikaniisha. Kama ni dua, haiwahusu. Lakini zafarani imeingia tumboni, na tumbo ni lile lile kinamoingia kidonge. Nilibishana na nafsi yangu njia nzima hadi kliniki.

Mhojaji wetu alikuwa dada mmoja wa bara, mdogo kwangu kidogo. Alitukalisha mmoja mmoja nyuma ya pazia, wenzetu wakisubiri kwenye benchi upande wa pili. Aliniuliza bila kuinua macho, "Tangu tuonane, umetumia dawa yoyote ya kienyeji?"

"Nimekunywa kombe."

"Ndiyo nini hiyo?"

Nikamweleza. Akaweka kalamu chini.

"Yaani umekunywa wino, dada?"

"Ni zafarani."

"Makubwa haya!" Akamwita mwenzake wa chumba cha pili. "We, njoo usikie. Huyu kanywa sahani!"

Walicheka kama watu wanaocheka kichekesho cha kwenye simu, bila chuki yoyote, na ndiyo maana kicheko kile kilinikata. Alipomaliza kujifuta machozi, akaniambia nikasubiri nje. Daktari ataamua kama nitaendelea au nitaondolewa.

Nilitoka, nikaketi kwenye benchi na wenzangu. Tangu nianze vidonge vile, nilikuwa nashona mpaka adhuhuri bila kukohoa. Pengine ilikuwa dawa. Pengine kilikuwa kidonge kitupu na matumaini yangu. Nilitaka kujua kuliko nilivyotaka kitu chochote, na sasa nilikuwa karibu kutolewa kwa kusema kweli.

Aliyeitwa baada yangu ni bibi mmoja wa Makurunge. Asubuhi ile ile, nilipomwamkia shikamoo, alinipa habari za mizizi anayoichemsha kila kifua kikimbana, na kombe analoandikiwa kila mara. Sasa nikamsikia ndani.

"Dawa ya kienyeji? Aka, mwanangu. Hata siijui inavyofanana."

Mwanamke aliyemfuata akasema hajatumia. Aliyemfuata huyo naye hajatumia.

Bibi akarudi kuketi, akanifinya paja. "Una kiherehere, mjukuu wangu. Umeulizwa tu, hujashikwa ugoni."

"Lakini bibi, watajuaje kama mizizi yako inagombana na kidonge chao?"

"Wanicheke kama walivyokucheka wewe? Acha igombane huko huko tumboni."

Kwanza nilimkasirikia yeye. Mtu unaweka roho yako rehani kwa ajili ya aibu! Kisha nikaona ninamwonea. Yeye na benchi zima walikuwa wamefundishwa muda mfupi uliopita jinsi ya kujibu swali lile, na somo lenyewe lilikuwa mimi.

Daktari aliponiita, alikuwa mpole. Alisema kiasi kile hakina neno, kitaandikwa, na nitaendelea. "Nakushukuru kwa ukweli wako," akaongeza. "Wewe ndiye mshiriki wa kwanza kututajia kombe."

Wa kwanza! Bagamoyo hii!

"Daktari," nilisema, na sauti yangu ilipanda bila ruhusa yangu, "mimi si wa kwanza kunywa. Labda ni wa kwanza kusema, na mmenicheka mbele ya watu. Leo mmeandika kwamba wagonjwa wa pwani hawatumii kitu. Kesho kidonge hiki kikimdhuru mtu kwa sababu ya mizizi, mtasema mliuliza."

Sikumtaja bibi. Siri yake si yangu. Nilimwomba watu waulizwe upya, faraghani, na mtu asiyecheka.

"Nitalifanyia kazi," akasema. Kila aliyewahi kuingia ofisi za nchi hii anajua uzito wa maneno hayo.

Nyumbani nilimsimulia mama yote. Alisikiliza huku akipepeta mchele, kisha akaubwaga ungo.

"Wao wanakupa kidonge ambacho huenda ni kitupu, na wanakuambia hivyo bila haya. Halafu kinachochekwa ni kombe langu?"

"Cha kwao kitupu kina kazi yake, mama. Wanalinganisha."

"Walinganishe na adabu pia. Utarudi?"

Nilikuwa na haki ya kutorudi, na njiani nilishaitunga hotuba nzima ya kujitoa, nikiisahihisha kila sentensi. Lakini nikijitoa, wanaobaki ni wale waliosema hawajatumia kitu.

"Nitarudi."

"Na nikikuandikishia kombe jingine?"

"Nitakunywa. Na nitawaambia."

"Watacheka."

"Wacheke," nilisema, "ila sitanyanyuka pale kitini mpaka waandike."