Mwantumu wa Wadi ya Wazazi

Wanawake waliojifungulia hospitalini Mbeya miaka ile ya hamsini walimuulizia Mwantumu hata kabla ya kutua mizigo yao. Alikuwa binti wa mfanyabiashara wa Iringa, mtu wa asili ya pwani, na ukunga alijifunza angali msichana. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Mumewe alimwacha kwa sababu hiyo, naye hakuolewa tena. Akawa anawabembeleza watoto wa wenzake, akiwaimbia shavu kwa shavu.

Mwaka mmoja, masika yalipoanza, vichanga wakaanza kutokwa na majipu. Kwanza mmoja, mgongoni. Halafu wa kitanda cha jirani. Mwishowe karibu wadi nzima. Zamani jipu halikufua dafu mbele ya penisilini. Safari hii watoto walichomwa sindano na usaha ukazidi. Daktari alisema vijidudu vimeizoea dawa, maana pale hospitalini kila kikohozi na kila mchubuko ulitibiwa kwa sindano ile ile.

Wa kwanza kufa alikuwa mtoto wa Alinanuswe, mwanamke wa Tukuyu. Mama mtu alikuwa hoi kwa homa, kwa hiyo Mwantumu ndiye aliyempakata mpaka pumzi ikakatika.

Daktari akaamuru mashuka yachemshwe, wagonjwa watengwe, na kila mhudumu anawe kwa sabuni kabla ya kumgusa mtoto mwingine. Mwantumu aliwasimamia wenzake kwa ukali mpaka wakamnung'unikia. Majipu hayakukoma. Ndipo wahudumu wote wakapanguswa puani kwa pamba, na pamba zikapelekwa Dar es Salaam kupimwa.

Majibu yaliporudi, daktari alimwita Mwantumu ofisini, akafunga mlango.

"Vijidudu vile viko puani mwako," alimwambia. "Huumwi, wala huna kosa. Lakini huwezi kukaa na watoto."

Mwantumu aliuliza kama kuna dawa. Akaambiwa iko marhamu ya kupaka, ila hakuna wa kumwahidi kitu.

Wakamhamishia kwa madobi, kwenye mapipa ya kuchemshia mashuka. Siku za mwanzo alimwomba Mungu daktari awe amekosea. Kisha dua hiyo ikamtisha, kwani ilikuwa sawa na kuomba watoto waendelee kuugua. Kipupwe kilipoingia, wadi ikatulia. Wenzake walimpelekea habari kwa furaha, wakamkuta ameinamia pipa, machozi yanamtoka.

Alinanuswe alipopata nguvu alikuja na mkungu wa ndizi, kumshukuru. Mwantumu hakuupokea kabla hajamweleza yote.

"Alikufa mikononi mwa nani?" yule mama aliuliza.

"Mwangu."

"Basi hakufa peke yake."

Akauweka mkungu chini, akaenda zake bila kuaga. Hawakuonana tena.

Baadaye daktari alimpima upya, akamwambia pua imesafika, arudi wadini. Mwantumu akakataa, akabaki na mashuka yake. Na mdogo wake Waridi alipojifungua kule Iringa, alisafiri kwenda kumpongeza, akasimama mlangoni, akasema mtoto kafanana na marehemu mama yao. Waridi alimnyanyua mtoto amkabidhi. Mwantumu akaificha mikono ndani ya khanga.