Pigo la Nne

Kengele ya kanisa letu hapa Visiga ni rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mkorosho. Mzee anayeigonga huifuta nondo yake kwa leso, hugonga mara tatu kwa nguvu, hupumua, kisha hugonga ya nne taratibu, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa. Mimi ni jirani, na kanisani sijakanyaga tangu nimzike mke wangu. Siku moja nilimuuliza ile ya nne ni ya nini.

“Ni yako.”

“Sasa mzee, mbona huji kunichukua?”

“Kuita ni kwangu, mwanangu. Miguu ni yako.”

Jumapili hii alikuja mkono umefungwa bendeji. Aligonga mara moja tu, taratibu. Nikajikuta nimeshika viatu.