Mama Nyuma ya Pazia

Mama yangu aliukosa ualimu kwa sababu ya pazia, na roho inaniuma mpaka leo. Watu huniambia niyaache, hayo ni mambo ya enzi za Mwingereza. Niyaache vipi? Mie nilikuwapo.

Tulikuwa tunakaa Temeke, nyumba ya makuti, sie na bibi mzaa baba. Mama alikuwa akisoma darasa la jioni la kina mama. Mwalimu wao, mwanamke Mkristo wa kutoka bara, alikuwa akiwapa neno moja, wanakwenda nalo nyumbani, wanarudi na sentensi zake, neno limenyambuliwa kila namna. Mama akipewa neno, basi tena: anatwanga nalo, anafua nalo. Mwalimu akamwahidi kwamba mkaguzi akija, akimsikiliza na kuridhika, atamfanya mwalimu msaidizi. Mama hakutaka kitu kingine duniani.

Mkaguzi hajaja, baba akafariki. Mama akaingia eda, ile miezi ya mjane kukaa ndani asionekane na mwanamume wa kando. Mwalimu hakukata tamaa. Alimleta mkaguzi mpaka kwetu, akambembeleza bibi. Bibi yangu alikuwa mkali kama pilipili, lakini siku hiyo alilegea.

"Atamsikia," alisema, "ila pazia lisiguswe."

Mkaguzi akakaa ukumbini, mie nikakaa chini mlangoni pa chumba, mama yuko ndani nyuma ya pazia. Akatoa neno: pika.

Mama hakukawia. "Ubwabwa wa nazi unapikwa kwa moto mdogo. Kunde kavu hazipikiki upesi. Mama mkwe alinipikisha mpaka nikayajua mapishi ya kwao." Bibi akaguna, nusura acheke. Mama akaendelea. "Nilikuwa nampikia mume wangu. Siku hizi napikiwa mie, na chakula hakinipiti kooni."

Bibi alijifuta macho kwa upindo wa kanga. Nikajua mama amepita.

Mkaguzi akafunga kalamu yake. Alisema kwa upole, na upole ule ndio unaonikera: sentensi zimenyooka, hana la kuongeza, ila hawezi kutia sahihi kwa mtu asiyemwona. Atajuaje kama si mwingine aliyejificha humo? Mwalimu akamwambia sauti ile anaijua vizuri. Akajibiwa kwamba yeye ndiye aliyemfundisha, ushahidi wake hautoshi. Akaomba mama asubiriwe basi, atoke eda. Mkaguzi akasema darasa haliwezi kungoja.

Bibi simlaumu, dini ni dini. Mkaguzi namlaumu, ingawa naye alikuwa na wakubwa wake. Na kila nikigawa lawama hizi, hubaki nyingine nisiyojua nimpe nani.

Siku alipotoka eda, mama alioga, akavaa baibui, akanishika mkono mpaka darasani. Mbele ya ubao alikuwa amesimama mwanamke mwingine na chaki mkononi. Mama hakuingia. Alingoja mlangoni mpaka mwalimu wake akatoka.

"Nimekuja, mwalimu," alisema. "Mwambie yule bwana sasa aje anione."

Mwalimu alimshika bega tu, akamwonyesha nafasi mkekani, kwa wale wanaoanza. Mama akakaa.