Upande wa Pili wa Pazia

Fundi cherehani na wifi yake msusi walivuka mpaka mwaka mmoja, wakapanga chumba kimoja cha duka na kukigawa kwa pazia. Kila Alhamisi pazia hilo lilimnyima fundi raha. Binti wa chuo kikuu, mtafiti anayefuatilia maisha ya wahamiaji wenye biashara ndogo, alipita upande wake kwa salamu tu, kisha akazama kwa wifi saa nzima.

Tena hakuwa mtafiti wa kuuliza na kuondoka. Wifi alijaziwa fomu, akasindikizwa mpaka ofisi ya leseni, akashikiwa hata nafasi kwenye foleni. Fundi alikanyaga cherehani kama anayeigombeza. Wivu ulimkaba roho, wala hakujisingizia kwamba ni kitu kingine. Wanacheka nini huko? Mashine ya kukaushia nywele ilivuma hata asinase neno.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Miezi mitatu nyuma binti alianzia kwake, kalamu mkononi. Lakini cherehani ikinyamaza, upande wa pili husikia kila kitu, na fundi alikuwa radhi afe kuliko wifi ajue kwamba amekataliwa leseni ya kudumu mara mbili. Basi akajibu kwa sauti ya kusikika: "Sisi hapa hatuna shida, mwanangu. Mambo safi kabisa." Binti akaandika hivyo hivyo, akahamia penye shida.

Sasa leseni yake ya muda ilikuwa inaisha Jumatatu. Alhamisi hiyo binti alichungulia mlangoni.

"Mama, kesho nawapeleka waliokataliwa leseni kwa mkuu wa ofisi. Orodha naifunga leo. Wewe si uko sawa?"

Upande wa pili mashine ikazimwa. Fundi akapiga hesabu. Bila leseni, wiki ijayo duka lake lingepigwa kufuli.

"Siko sawa," akasema, uso ukimwaka. "Nilikudanganya. Wamenikatalia mara mbili."

Pazia likafunguka. Wifi alisimama na kitana mkononi, macho yamemtoka.

"Mara mbili tu, wifi? Mimi mara nne!"

Binti akaandika jina la fundi, chini ya la wifi. Fundi alishukuru, akarudi kwenye cherehani yake huku moyo unamchoma. Hata kwa kukataliwa, wifi alikuwa amemzidi.