Ushauri Wangu Ndani ya Tramu

Kwenye tramu ya mtaa wa Schaerbeek, maman mmoja alikuwa akiandika kwenye kompyuta yake maneno ya kusema jioni kwenye matanga ya dada yake. Nilikuwa nachungulia, sikatai. Mara skrini ikaganda.

"Finya bouton mpaka izime," nikamwambia, kama fundi. Akafinya, ikazima.

Papa mmoja mbele yetu akageuka. "Hapana, maman. Hii machine inaendeshwa na Linux. Ni bureau tu, ile sehemu inayoonyesha madirisha kwenye skrini, ilikwama; maneno yako ilikuwa bado muzima. Tunaanzisha bureau upya, hatuzimake machine."

"Sikuifanya enregistrer, sikuihifadhi," maman akasema polepole, mikono juu ya kibodi.

Nikamkariria mistari miwili niliyokuwa nimeisoma kwenye skrini yake. Akaiandika nyuma ya tiketi. Maisha yangu yote nimegombezwa kwa kuchungulia. Siku ile nilijuta kwamba nilichungulia kidogo.