Mwalimu Kamusi na Wifi Yake

Kwa miaka kumi na saba, mwalimu wa darasa la tatu hakuitwa kwa jina lake. Wanafunzi, wazazi, hata mpishi wa shule walimwita Kamusi. Mtoto akitaka kujua mvua inatoka wapi, au kwa nini paka haogopi kuruka ukuta, aliambiwa nenda kamuulize Kamusi. Naye alijibu papo hapo, mkono mmoja kiunoni, mwingine na chaki. Akikosa jibu alilitunga, na hakuna aliyewahi kumbishia.

Mwaka ule shule ikapata maktaba. Stoo ya madawati mabovu ilipakwa rangi ya kijani, ikapigwa rafu, ikatandikwa mkeka. Mkutubi aliyeletwa hakuwa mtu mwingine ila wifi yake Kamusi, mdogo wa mume wake, mwanamke wa sauti ndogo ambaye zamani alikuwa akija likizo kumsaidia kulea. Mwalimu Mkuu alipomtambulisha mbele ya walimu wote, Kamusi alipiga makofi mawili, akaacha.

Kila Alhamisi darasa la tatu lilikwenda maktaba kwa nusu saa. Huko watoto walifundishwa kunawa mikono kabla ya kushika kitabu, kufunua ukurasa kwa kona ya juu, kusoma alama iliyobandikwa kwenye mgongo wa kitabu na kukirudisha mahali pake. Walifundishwa pia faharasa, ile orodha ya mwishoni.

"Faharasa ni mlango wa nyuma," wifi aliwaambia. "Kama unajua unachokitafuta, huna haja ya kupitia sebuleni."

Watoto walicheka, wakaikariri. Wakaanza kumwita Shangazi. Kamusi, ambaye hakuwahi kuruhusu aitwe chochote mbele yake ila "mwalimu", alilisikia neno hilo likivuma uwanjani kutwa nzima, likamkwama kama mwiba wa samaki.

Siku moja aliwaambia darasani kwamba tembo hulala akiwa amesimama. Msichana mmoja wa dawati la mbele, waliyemwita Kidole Juu kwa sababu mkono wake haukushuka, akauliza, "Hilo umelipata katika kitabu gani, mwalimu? Ukurasa wa ngapi?"

"Ukurasa wa kichwa changu," akajibu Kamusi. Darasa likaangua kicheko. Kidole Juu hakucheka. Alikuwa ameshika penseli, anasubiri namba.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. "Nasikia mdogo wangu amewateka watoto wote," mume wake alisema mezani, akitabasamu.

"Basi hamia kwake, mkasome pamoja," Kamusi alijibu, akafunika sufuria kwa kishindo.

Wiki iliyofuata alichora buibui ubaoni, miguu sita, kama alivyomchora miaka yote. Alhamisi watoto walirudi kutoka maktaba wakisukumana mlangoni, Kidole Juu mbele na karatasi mkononi.

"Mwalimu, buibui ana miguu minane. Kitabu cha wadudu, ukurasa wa kumi na mbili. Na cha wanyama wadogo, ukurasa wa arobaini, maana Shangazi anasema usiamini kitabu kimoja. Tena tumemhesabu yule wa dirishani. Yeye ana saba, lakini mmoja umekatika."

"Nani kawatuma?"

"Hakuna, mwalimu. Tulikuwa tunatafuta picha nzuri ya kuchora."

Kamusi hakuamini. Masikio yalimwaka moto. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia. Huyu niliyemlisha kwa mkono wangu ndiye anayenichimba.

Kesho yake wazazi walikuwa wamealikwa kuja kuiona maktaba. Wakati wa mapumziko ya asubuhi wifi aliitwa ofisini, akaacha mlango wazi. Kamusi akaingia. Alichomoa vitabu vya rafu tatu nzima, akavichanganya: wanyama kwenye hadithi, ramani kwenye mashairi, hadithi kwenye afya. Kisha akarudi darasani kufundisha kujumlisha.

Mchana wazazi walijaa mlangoni, Kamusi akiwa katikati yao. Wifi akawaambia watoto watafute kitabu kinachoeleza maji hutoka wapi. Wakaenda moja kwa moja kwenye rafu yake. Hakipo. Wakatazamana.

Wifi alisogea, akachomoa kitabu kimoja, kingine, cha tatu. Migongo ya vitabu vile vipya ilikuwa na alama za vidole, za chaki ya bluu. Akageuka, akaitazama mikono ya Kamusi. Kamusi akaificha nyuma, lakini alikuwa amechelewa.

"Vitabu vimepotea njia," wifi akawaambia watoto kwa sauti yake ileile ndogo. "Alama zilizobandikwa mgongoni mnazijua. Virudisheni kwao, wawili wawili, bila kukimbia."

Wakavirudisha. Mmoja anasoma alama, mwenzake anatafuta nafasi, wanasahihishana kwa kunong'ona. Haikufika hata nusu saa. Wazazi walipiga makofi hadi Mwalimu Mkuu akatoka ofisini kuangalia kuna nini. Kamusi naye alipiga. Angefanya nini?

Watu walipoondoka alibaki mlangoni. Wifi alikuwa anafuta chaki kwa kitambaa kibichi.

"Chukua na wewe kitambaa," alisema bila kuinua macho. Wakafuta rafu nzima.

"Utamwambia kaka yako?"

"Nimwambie nini, kwamba vitabu vina vumbi?" Wifi akakung'uta kitambaa. "Lakini umenikosea, wifi. Na watoto umewakosea."

"Najua."

"Kwa nini sasa?"

"Walikuwa wangu," Kamusi akasema, na machozi yakamtoka bila kutarajia.

"Ni wako mpaka leo. Kengele ikilia wananiacha na sentensi mdomoni, wanakimbilia kwako. Unadhani mimi siumii?"

Kamusi alifurahi kusikia hivyo, kisha akaona aibu kwa kufurahi.

Jumatatu aliliambia darasa lake kwamba aliwafundisha vibaya miguu ya buibui, wao na waliowatangulia kwa miaka mingi. Alijiandaa kwa minong'ono. Mtoto mmoja akauliza kama wanaweza kutoka kucheza.

Mwaka uliofuata wifi alihamishiwa shule kubwa zaidi, na Mwalimu Mkuu akamkabidhi Kamusi ufunguo wa maktaba. Alhamisi ya kwanza alikaa kwenye kiti cha mkutubi, watoto wake wa mwaka uliopita mkekani mbele yake.

"Shangazi anarudi lini?" akauliza mmoja.

"Harudi. Amehamishwa."

"Hata Alhamisi ijayo?" akauliza mwingine. Wakauliza hivyo kwa zamu hadi kengele, na kila mara Kamusi alimwonea wivu mtu ambaye hata hayumo ndani ya jengo.

Jioni alimpigia wifi simu. Akamuuliza jinsi ya kujaza kadi za kuazimisha, akamwambia watoto wanamsalimu. Hakumwambia walimuulizia mara ngapi.