Uongo wa Safari

Mama yangu hakuwahi kusema ukweli kuhusu safari, na bado alikuwa mtu wa misa ya kila asubuhi. Enzi zake alinunua mafuta ya mawese huko Mbau na kuyaleta kwetu Butembo. Jirani akimwuliza atasafiri lini, kama ni Jumanne yeye alijibu Ijumaa. Siku yenyewe alitoka nyumbani na jembe begani na kitenge kikuukuu kiunoni, akapita mbele ya kila mlango akisalimu watu kama mwenda shambani. Jembe aliliacha kwa mjomba wetu aliyekaa karibu na barabara ya Beni. Akirudi na mafuta ndipo watu walipojua kwamba alikuwa amekwenda.

Hakuna aliyemkasirikia. Jirani naye alimdanganya vilevile, na katekista wetu, aliyeuza mchele pamoja na kufundisha katekisimu, aliwadanganya wote wawili. Kwetu uongo wa safari haukupelekwa kwa padri kuungamwa, kwa sababu ulikuwa adabu. Wewe uliuliza ili kuonyesha kwamba unamjali mwenzako, naye akakujibu uongo ili usibebe mzigo wa siri yake. Barabara ile imekuwa na watu wabaya kwa muda mrefu, nao hubadilika majina tu. Ulimi uliponza kichwa, mama alituambia, na sisi tulikua tukijua kwamba siku ya safari haitajwi.

Mimi sikurithi biashara yake. Ninashona, na cherehani yangu haijawahi kunipeleka mbali kuliko sokoni kutafuta nyuzi. Aliyerithi ni mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama, mwenye mdomo mwepesi na miguu isiyotulia. Alirithi njia ya Mbau, wauza mafuta wa Mbau, na hata mahali pa kulala Beni kwa shangazi. Adabu ya safari hakuirithi, maana yeye aliuza kwa simu.

Sitaki kumsema vibaya, simu ilimsaidia. Aliweka picha za mafuta kwenye status, watu wa Butembo wakaagiza, na gari likifika kila pipa lilikuwa na mwenyewe. Shida ilikuja na wezi wa picha. Mtu aliiba picha ya mafuta ya mwenzake, akajiita muuzaji, akala avansi za watu, yaani malipo ya awali, na kuzima simu. Wateja wakawa wakali. Wakataka kumwona muuzaji mwenyewe amesimama kando ya mali yake, ataje siku na mahali. Kwa hiyo mdogo wangu alianza kujipiga video. «Leo niko Beni ku parking, kesho asubuhi naingia Mbau, siku ya ine niko kwenu na mafuta mupya!» Siku ya ine kwetu ni Alhamisi, kama siku ya pili ilivyo Jumanne. Alitabasamu, kilemba chekundu kichwani, na nyuma yake lilionekana gari, namba yake, dereva wake, na akina mama waliokwisha panda.

Kila nilipoona video ile niliizima kabla haijaisha. Barabara ya kutoka Beni kwenda Mbau na Oicha si ya kuchezea. Kuna wiki inapitika kama njia ya kanisani, na kuna wiki watu wanatoka porini, wanasimamisha gari, na baada ya hapo ni moto na maziko. Mdogo wangu aliipita mara nyingi kwa mwezi. Nilikuwa na mdogo mmoja tu, na sikutaka kumzika.

«Hii simu yako inaonwa na nani?» nilimwuliza siku moja.

«Na baclients, yaya,» alijibu, maana kwetu yaya ni dada mkubwa.

«Baclients unabajua bote?»

Alinionyesha majina ya waliotazama. Wengine walikuwa namba tupu, wengine picha ya ua, ya simba, ya gari la kifahari. Hao ndio waliokuwa wakijua mdogo wangu atapita wapi na saa ngapi, na mimi sikujua hata mmoja wao anakula wapi. Nilimwambia kwamba mama alimficha jirani anayemwazima chumvi, na yeye anamwambia simba. Alicheka akaniita bibi kizee.

Kicheko kilipungua taratibu. Kwanza dereva mmoja wa Beni, mzee aliyempakia miaka mingi, alikataa kumchukua. «Weye unasema mingi mu téléphone,» alimwambia mbele ya abiria wote. «Kama unataka kufa, kufa peke yako, mais mu gari yangu hapana.» Mdogo wangu alirudi amenuna, akisema mzee yule ana wivu. Kisha, mara nyingine, palepale parking, kijana asiyemfahamu alimsogelea na kumwuliza kwa upole kwa nini leo hakuvaa kile kilemba chekundu. Alinunua ndizi akaenda zake. Mdogo wangu alinisimulia jambo hilo huku akizungusha bangili yake mkononi, na kwa mara ya kwanza nilimwona anaogopa.

«Basi acha kujitangaza,» nikamwambia.

«Nikiacha, banasema mimi pia ni mwizi. Nitauzia nani?»

Tuligombana mpaka mama akatoka ndani. Alikuwa amezeeka, masikio yamepungua nguvu, lakini ugomvi aliusikia vizuri. Alitaka kuelezwa. Tulipomweleza alishangaa kwamba tunahangaika na jambo dogo hivyo.

«Danganya,» akasema. «Ule anataka siku, mupatiye siku. Ni nani alikukataza kudanganya?»

Mdogo wangu alimtazama mama, kisha akamkumbatia, akacheka hadi machozi. Kuanzia hapo alifanya kama mama alivyofanya, ila kwa vyombo vya kisasa. Safari ya Jumatatu alijipiga video nyingi, akibadilisha vilemba na vitenge, kisha akaziweka polepole kwa siku alizotaka. Status ilisema anatoka Beni Alhamisi asubuhi, na yeye Jumanne alikuwa amekwisha rudi Butembo na mapipa yake. Mapipa aliyaficha kwenye chumba changu cha kushonea, chini ya vitambaa, mpaka Ijumaa alipowaita wateja kwamba gari limefika. Gauni la bibi harusi mmoja lilinuka mawese wiki nzima, na lawama nilizibeba mimi. Sikujali sana. Nililala vizuri. Alhamisi, simu ilipokuwa ikimtangaza Beni, mwenyewe alikuwa uani kwetu anasuka nywele.

Mama alifurahi kupita sisi wote. Alitaka kila mara aonyeshwe uongo wa wiki ile. Alishika simu mbali na macho, akautazama uso wa binti yake ukisema uko Beni, kisha akamtazama binti mwenyewe akipepeta mchele mbele yake, akatikisa kichwa. «Wasingya,» alimwambia, yaani asante, kama mtu aliyeona watoto wake wameelewa fundisho mwishoni.

Na biashara ikapanda. Kwa kuwa alikuwa akirudi salama kila mara, watu walianza kusema mwanamke huyu ana baraka, au ana watu wanaompa habari za barabara. Sasa video zake zilitazamwa hata na wasionunua mafuta. Akina mama wachuuzi wa njia ile walimwandikia: «Dada akipita na sisi tunapita.» Mmoja wao alikuwa muuza kabichi wa Masereka, mama mnene mwenye sauti nzito, aliyekutana naye zamani parking ya Beni na kugawana naye chikwangue, ule mkate wa muhogo. Yeye hakupenda kuandika, alituma sauti. Aliomba ajulishwe siku, ili wasafiri pamoja. Mdogo wangu alimrudishia mikono miwili ya maombi, kama alivyowarudishia wote. Ilikuwa ni mikono tu, alama ya heshima. Hakuna kati yetu aliyewaza kwamba mtu angepanga safari yake kwa kuitegemea.

Alhamisi moja mvua ilikuwa imenyesha asubuhi kisha jua likawaka. Mdogo wangu alikuwa uani akisafisha mapipa matupu kwa maji ya moto na majivu. Simu yake ilikuwa ndani inachajiwa. Yangu ilikuwa mezani kando ya cherehani, na ilianza kulia makundi yote kwa pamoja: kundi la kanisa, la ukoo, la washonaji. Gari lilikuwa limechomwa kabla ya kufika Mbau. Gari lililotoka Beni asubuhi. Picha zilikuja nyuma ya habari, na nilifungua moja kabla ya kujizuia. Sikuona watu, niliona chuma cheusi, na barabarani kabichi zimetawanyika, nyingi, za kijani kabisa.

Niliinua macho nikamtazama mdogo wangu kupitia mlangoni, mikono yake ikiwa na majivu hadi kwenye viwiko. Nilisema asante Mungu. Nilisema kwa sauti, na nilimaanisha.

Kisha watu wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa jirani wa upande wa chini, ameshika kichwa kwa mikono miwili, analia tangu njiani. Nyuma yake walikuja wanawake wa jumuiya, na wateja wawili wa mafuta, na shangazi yetu, aliyedhani amerudi Beni bila kupita kwake, akapiga simu kutoka huko akiomboleza bila kuuliza kitu. Wote walikuwa wameona status ya asubuhi ile: kilemba cha bluu, parking ya Beni, «tunatoka sasa hivi, Mungu mbele.» Walikuja kulia msiba wake, na wakamkuta ameinama juu ya pipa. Jirani alipiga ukelele, akamkamata mabega, akamgeuza huku na huku. Wimbo wa kilio ukageuka wimbo wa shukrani. Mtu alipiga magoti kwenye tope. Mama aliletwa nje, akaketishwa kwenye kiti, naye alipiga makofi akisema kwamba alimfundisha yeye mwenyewe, alimfundisha vizuri.

Mdogo wangu alicheka nao. Alicheka kidogo, akafuta mikono, akaingia ndani kuchukua simu ili awaambie watu kwamba ni mzima. Hakurudi. Nilipoingia nilimkuta amekaa chini, mgongo ukutani, simu imewekwa mapajani kama mtoto mchanga, na sauti ya muuza kabichi ikijaa chumba changu.

«Dada, tuko hapa ku parking, hapana kukuona. Uko mu gari gani?»

Kulikuwa na kelele za honi nyuma yake, na mtu akitangaza Mbau, Oicha. Ya pili ilikuwa imekuja baada ya muda mfupi.

«Chauffeur anasema tutoke. Nimemuambia angoje kidogo, kuna dada moya anakuya, eye anajua njia. Fanya mbio.»

Na ya tatu, gari likiwa linanguruma tayari:

«Bon, tunatoka. Utatukuta kule mbele. Nafasi yako nimewekea kabichi juu, mutu hatakaa hapo.»

Mama alikuwa ameingia nyuma yangu akishikilia ukuta. Aliomba kusikia. Tulimwekea simu sikioni, sauti zote, tangu ya kwanza. Alisikiliza, na nje watu waliendelea kuimba.

«Batu ngapi banaonaka ile ma-picha yako?» akauliza.

«Mingi, mama. Hapana jua. Mingi sana.»

Mama alikaa kwenye kiti changu cha kushonea. Nilidhani atalia, lakini alikuwa amekasirika, na hakujua amkasirikie nani. «Mimi nilikuwa nadanganya jirani,» akasema. «Eye alijua kama namudanganya.»

Nilikuwa na hasira na wote: na simu, na wateja waliotaka ushahidi, na wanawake waliokuwa wakiimba uani kwetu, na zaidi na watu wale wa porini, ambao hawakuhitaji hata kuitazama status. Labda hawakuitazama. Sijui, na mdogo wangu hatajua. Aliyeitazama kwa hakika, akaiamini, alikuwa mama wa Masereka.

Simu, iliyokuwa imerudi mkononi mwa mdogo wangu, ikalia. Namba ilikuwa ngeni. Nilimwambia aiache, akaipokea. Alikuwa msichana, akiongea haraka, pumzi zinakatika. Alisema yeye ni mtoto wa mama wa kabichi. Mama yao aliwaambia nyumbani wasiogope, anasafiri na dada wa mafuta, yule mwenye baraka. Simu ya mama haipatikani. Lakini sasa wameambiwa dada wa mafuta ni mzima, wamefurahi, wanamshukuru Mungu.

«Mupatiye simu, yaya,» akasema msichana. «Tusikie tu sauti yake.»

Mdogo wangu aliziba sikio la pili kwa kiganja. Nje waliimba kwa nguvu zaidi.

«Niko ku nyumba,» akasema.

«Ku nyumba ya nani? Na mama iko hapo?»

«Yetu,» akasema mdogo wangu. «Butembo. Tangu siku ya pili.»

Kisha tukamsikia msichana akimweleza mtu wa pembeni yake, polepole, kwa lugha yetu ya Kinande, kwamba dada anasema yuko nyumbani, lazima wamesikia vibaya, wampigie dada tena.